Gobore la Marehemu Estill

Vigingi viwili vya ukutani vilikuwa vitupu. Gobore la marehemu Estill Napier, lililofuliwa na babu wa babu yake, halikuwepo, na kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimevunjwa.

Hii ilikuwa mara ya pili kwa Inspekta Dreama Stidham kuingia nyumba ya Mzee Verlin. Mara ya kwanza hakukaa. Alisikia jina la Cleve Fugate, akaondoka mbio kwenda kumkamata. Si Cleve alishafungwa kwa wizi? Si alilitamani gobore lile mbele za watu? Basi yakaisha.

Sasa Cleve alikuwa mahabusu. Na kwa kuwa alitoka gerezani kwa msamaha wa masharti, hakimu angemrudisha Jumatatu akamalizie kifungo chake. Lakini alama za vidole kwenye kioo hazikuwa zake. Jambo hilo lilimkosesha Dreama raha.

"Umerudi tena, binti?" aliuliza Verlin. "Si mwizi mnaye?"

"Ninaye mtu, mzee. Mwizi bado."

Verlin aliyaacha magobore ujanani. Alipomzika nduguye Estill yakamrudia yote: shati la ngozi, pembe ya baruti, majigambo. Shemeji yake Opal, mjane wa Estill, akamkabidhi gobore la marehemu alitunze hadi mashindano ya shabaha ya vuli, binti wa Estill alipige.

"Ulishalipiga?"

"Hata mara moja. Amana haichezewi."

Dreama akainama nyuma ya jiko la kuni, akaibuka na ufito mrefu.

"Na huu?"

Verlin akageukia dirisha.

"Mdeki, mzee. Wa kushindilia baruti na risasi. Hukaa chini ya mtutu. Baba yangu alikuwa nao. Mwizi gani huyu anaiba gobore halafu anakuachia mdeki?"

"Labda ulimponyoka."

"Ukiwa na kitambaa nchani?" Akakichomoa. Kilikuwa chekundu kwa kutu. "Mtu alikuwa anausugua mtutu hapa jikoni, kwa maji ya moto. Huyo mwizi alivunja kioo, akainjika na birika?"

Mzee akavuta kiti, akakaa. Hakuweza kumtazama.

"Nilitaka mara moja tu," alisema. "Jumapili, kule bondeni. Nikalenga kisiki, nikakipata. Nilicheka peke yangu kama chizi, binti. Nikarudi nimechoka, nikasema nitalisafisha kesho. Asubuhi mjukuu akaugua, nikaenda mjini kumuuguza. Niliporudi, wiki ilishapita."

Dreama hakuhitaji kuelezwa zaidi. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na yakilala ndani ya mtutu hula chuma. Katika milima hii mtoto hujua kuosha mtutu kabla hajajua kunawa uso.

"Ningemwambia nini Opal? Mzee mzima, na kujitapa kote kule, nimeozesha gobore la ndugu yangu. Nikaona heri liwe limeibwa."

"Na Cleve?"

"Uliniuliza nani alilipenda. Nikakujibu."

"Nami nikamkamata bila kufikiri. Aibu hiyo ni yangu. Lakini wewe ulijua, mzee, ukakaa hapa unakunywa kahawa."

Verlin akaufunika uso kwa viganja, akalia. Kisha akampeleka ghalani. Gobore lilikuwa chini ya nyasi kavu, limeviringishwa kwenye blanketi.

Opal alifika kituoni wakati Verlin akiandikisha maelezo yake. Mzee angeshtakiwa kwa kutoa taarifa ya uongo. Mama yule akachungulia mdomo wa mtutu.

"Estill alishaliozesha hivi mara mbili, shemeji," alisema. "Fundi akalikereza upya, likapiga vizuri kuliko mwanzo. Ungeniambia tu."

Verlin akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mlango wa mahabusu ukafunguliwa. Cleve akatoka akiburuza miguu, viatu vimelegea, maana kamba zake zilichukuliwa siku aliyoingia.

"Cleve, nimekukosea," alisema Verlin. "Sina la kujitetea."

"Ulijua tangu siku waliyonichukua?"

"Nilijua."

Dreama naye akafungua kinywa aombe radhi. Cleve hakumtazama hata mmoja wao. Akanyoosha mkono kwa askari wa kaunta.

"Naomba kamba za viatu vyangu."