Bei ya Kumfundisha Mtu Kuzamia

Haya nilisimuliwa na Merlita, mke wa mpwa wangu Rodel, mwaka huu mvua zilipoanza. Tulikuwa tunapara samaki jikoni kwake, hapa Dauin. Nimeyaandika kwa sababu pwani yetu hii ina walimu wengi wa kuzamia, na wengi wanapanga bei kama alivyopanga Rodel.

Rodel anafundisha wageni kuzamia baharini kwa mitungi ya hewa. Kila asubuhi, hata kahawa hajanywa, alikwenda kusoma ubao wa jirani. Jirani ana hoteli, na hoteli ina shule yake ya kuzamia. Jirani akiandika peso elfu kumi na tatu kwa kozi nzima, Rodel alirudi kwake akaandika elfu kumi na mbili na nusu. Kesho yake jirani akashusha. Rodel naye akashusha.

"Mkifika sifuri, mtamlipa mgeni ili aje?" Merlita alimuuliza.

"Wewe nawe! Huoni wateja wanakuja?"

Ni kweli walikuja. Lakini bei ilivyoshuka, ndivyo Rodel alivyoongeza watu. Mwisho akawa anashuka majini na wanafunzi wanane, peke yake.

Siku moja akaamka na mafua. Kila mzamiaji anajua kwamba pua ikiziba, huzamii. Masikio hayafunguki, na maji ya chini yanayakandamiza. Lakini akiahirisha, wageni watadai pesa zao, na pesa zimeshaingia kwenye mafuta ya boti. Rodel akazamia. Alipopanda juu, damu ilimtoka puani, na sikio la kushoto lilimuuma hadi akalia.

Daktari wa Dumaguete alimwambia, "Ngoma ya sikio imechanika. Usiingie majini mpaka nikuruhusu. Ukirudia, sikio hili litakufa, na kazi yako itakufa nalo."

Jioni ile dada Osang alikuja na mchuzi wa kuku. Yeye ndiye anayejaza mitungi ya hewa hapa kwetu, na zamani alikuwa mwalimu wa kuzamia.

"Mdogo wangu, mwanafunzi mmoja anakuachia kiasi gani?"

"Nikitoa boti, hewa, kitabu na kadi ya kuhitimu, elfu tatu hivi."

"Na vifaa vya kupumulia vikienda kwa fundi?"

"Hiyo ni mara moja tu kwa mwaka, dada."

"Mara moja tu! Kwani mwaka kwako haufiki? Na bima? Na ada ya leseni ya ualimu? Na miezi ya mvua, wageni wakikimbia? Na leo umelala hapo, nani anakulipa?"

Rodel akakuna kichwa. "Sasa jirani anawezaje?"

"Jirani anauza vyumba. Kozi kwake ni chambo tu. Akipata hasara majini, anairudisha kitandani."

Merlita akaangua kicheko.

"Vyumba, Merlita! Nasema vyumba!" Dada Osang naye akacheka. "Haya Rodel, wewe una chumba?"

"Ninacho kimoja. Yumo huyu."

"Basi usishindane na chambo. Chukua gharama zote za mwaka, hata zile zinazokuja mara moja. Tia mshahara wako, tia na siku za kuugua. Kisha gawa kwa wanafunzi unaoweza kuwafundisha vizuri, si kwa wale wanaoenea botini."

Walipiga hesabu mpaka mchuzi ukapoa. Bei ikatoka elfu kumi na nane.

"Nani atalipa?" Rodel akashtuka.

"Anayeogopa maji atalipa. Mwambie utafundisha watu wanne tu, na kozi ina siku moja ya akiba. Akiugua yeye au ukiugua wewe, mnangoja, na haongezi kitu."

Sikio lilipopona, Rodel aliandika hivyo hivyo ubaoni. Juma la kwanza hakuja mtu. Merlita alinunua mchele wa kupima kwa kikombe. Juma la pili akaja mama mmoja wa Manila na binti yake. Mama alirudi nyuma alipoyaona maji.

"Kule hotelini bei ni nafuu," alisema, "lakini tungekuwa wanane kwa mwalimu mmoja. Mimi nataka mtu wa kuniangalia."

Hao wakawaleta wenzao. Wanafunzi wa Rodel sasa ni nusu ya wa zamani, na pesa anayobaki nayo imezidi.

Mvua za kwanza zilipofika, mafua yakamrudia. Aliwaambia wageni wake waziwazi, "Leo pua imeziba. Tutumie ile siku ya akiba."

"Kapumzike, mwalimu," wakamjibu, wakaenda zao kula maembe.

Rodel akarudi nyumbani mchana kweupe, akanywa salabat, chai yetu ya tangawizi, ya moto, akajitupa mkekani. Hata viatu hakuvua. Merlita alimvua, akamfunika shuka. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, wala hakukuwa na mtu wa kurudishiwa pesa. Merlita alikusudia kuosha vyombo. Akaketi kidogo tu, ubavuni mwa mumewe, naye usingizi ukamchukua.