Sekunde Alizozificha Ramlati

Kila asubuhi kabla ya shule, Ramlati alikuwa na kazi tatu: kuchota maji bombani, kumpelekea mjomba wake uji, na kusimama gerejini akijifanya anangoja bakuli. Bakuli lenyewe lilikwisha kuwa tupu zamani. Alichokuwa akikingoja ni kusikia injini ikiwashwa.

Mjomba wake, Youssoufa, alikuwa fundi wa magari mtaani Ampisikina, mjini Mahajanga, enzi zile Wafaransa walipokuwa wangali wakiitawala Madagaska. Nyumbani kwao walisema Kikomori, sokoni Kimalagasi, shuleni Kifaransa, na wakigombana walichanganya zote tatu. Kazi ya Youssoufa ilikuwa malori ya mpunga. Mwezi wa Juni, hata hivyo, meli ilimletea gari la aina nyingine kutoka Andoany, kule kisiwani Nosy Be. Lilikuwa gari la mashindano, dogo, la buluu, viti viwili, halina paa. Mwenyewe alikuwa Bwana Fournel, Mfaransa mwenye mashamba ya mlangilangi, maua ya kutengenezea manukato, na Youssoufa, alipokuwa akiishi huko, aliwahi kumtengenezea malori.

Pamoja na gari zilikuja saa ya kubonyeza ya kupimia mbio, bahasha yenye fedha kidogo za vipuri, na barua. Ramlati aliisoma barua ile mpaka akaihifadhi kichwani. Gari litoke kwenye jiwe la mwisho wa mji, lifuate njia ya Antsanitia mpaka jiwe la kilomita tano, ligeuke, lirudi. Likitumia chini ya dakika nane, basi Youssoufa mwenyewe ataliendesha kwenye mashindano ya Agosti. Likishindwa, litapelekwa kwenye gereji kubwa ya Wazungu karibu na bandari, na yeye arudi kwenye malori yake.

Basi elewa maana yake. Kwenye mashindano yale watu wa Ampisikina walikuwa wakisukuma magari yaliyozimika na kufuta vumbi kwenye vioo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika usukani.

Siku ya kwanza walijaribu alfajiri, kabla mikokoteni ya ng'ombe haijajaa njiani. Ramlati aliomba, akabembeleza, mpaka akakubaliwa kuketi kiti cha pili na kushika saa. Upepo ulimpiga usoni, machozi yakamtoka, na alifurahi mno. Waliporudi saa ilisema dakika nane na sekunde arobaini na tano.

"Tumezidisha sekunde arobaini na tano," alisema mjomba. "Kesho nitaanza na breki na matairi."

"Breki?" Ramlati alikasirika. "Breki ni za kusimamisha gari, Mjomba. Sisi tunataka likimbie. Tununue bomba la moshi kama lile la dukani kwa Mhindi, linalong'aa. Magari yote ya mbio yana bomba kubwa."

"Mchagua nazi hupata koroma, mwanangu."

Lakini Ramlati hakukoma. Alisema juu ya bomba asubuhi, akasema jioni, akasema wakati wa kula. Na mtaa nao ukamsaidia, maana kila apitaye gerejini aliuliza mbona gari la mbio linakohoa kama mzee mwenye pumu. Youssoufa naye ni mwanadamu. Wiki ya pili akatoa nusu ya fedha za bahasha, akanunua bomba.

Wakati huohuo zilianza kuja zawadi. Kwa watu wa pale, nyumba ikipata jambo la heshima, jirani hawezi kuja mikono mitupu, na mwenye nyumba hawezi kukataa. Kurudisha zawadi ni kama kumfungia mtu mlango usoni. Fundi Msaidié, mhunzi, alileta ngao ya chuma akaifunga mbele ya gari kwa mikono yake. Mama Hadjira, muuza sambusa, alileta taa mbili za shaba za marehemu mumewe na honi ya basi. Mohamadi mshonaji alishona mto wa mahameli uliojazwa makumbi ya nazi, mzito kama gunia. Gari likapendeza. Watoto walikuja kulitazama makundi kwa makundi, na Ramlati akawatoza kila mmoja ahadi ya kutoligusa.

Siku ya kulijaribu bomba jipya, kelele zake ziliamsha mtaa mzima. Ramlati alikuwa na hakika. Walipovuka jiwe alibonyeza saa, akaitazama. Dakika nane na sekunde hamsini na mbili. Gari limezidi kuwa zito la mwendo.

"Ngapi?" aliuliza mjomba.

Angesema kweli, yangeishia pale. Lakini bomba lile alilitaka yeye. Darasani alikwisha kujigamba kwa Koulsoum na wenzake wote. "Nane na nusu," akasema, na akarudisha mshale kwenye sifuri haraka haraka.

Youssoufa alicheka, jambo ambalo hakulifanya sana. "Basi kumbe ulikuwa na haki. Nami nilitaka kupoteza fedha kwa breki." Siku ileile alikwenda kununua kabureta kubwa kwa fedha zote zilizobaki.

Uongo haupendi kukaa peke yake. Kabureta ile iliinywesha injini petroli mpaka ikatoa moshi mweusi, na saa ikasema dakika tisa kasoro sekunde mbili. Ramlati akasema nane na kumi na mbili. Tangu hapo hakulala vizuri. Alikasirika na bomba, akakasirika na kabureta, akamkasirikia hata Koulsoum aliyeuliza tu kama gari linaendelea vizuri. Alimkasirikia kila mtu isipokuwa yule aliyestahili.

Jumatatu ikaja simu ya maandishi kutoka Nosy Be. Bwana Fournel atafika Jumamosi, na saa ataishika mwenyewe.

Youssoufa aliisoma akiwa ametulia. "Bado sekunde kumi na mbili," alisema. "Nikisafisha plagi na nikikaza hapa na pale, tutazipata." Akaanza kupiga mluzi.

Mluzi ule ndio uliomshinda Ramlati. Aliweka bakuli chini. "Mjomba, hazikubaki kumi na mbili. Zimebaki hamsini na nane. Na zinazidi. Nilikudanganya mara mbili."

Alingoja kofi, au makelele. Youssoufa hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi juu ya tairi, akaikunja ile karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Mwishowe alisema, "Bahasha haina kitu, Ramlati. Nimenunua vitu viwili kwa maneno yako." "Kama ungenipiga kwa nyundo mkononi ningejua pa kufunga kitambaa."

Ramlati alilia mpaka akapata kwikwi, na mjomba hakumbembeleza. Alimwacha alie. Kisha akamtupia kitambaa cha kufutia mafuta, akasema, "Jifute. Fedha hatuna, basi tutafanya yale yasiyotaka fedha. Tutabadilisha kitu kimoja kwa siku, na utaniambia kila sekunde, hata ikiniuma."

Siku ya Jumanne alirudisha kabureta ya zamani na bomba la zamani. Kisha akaliinua gari na kumwambia Ramlati azungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Lilizunguka nusu, likakwama. Breki zilikuwa zimeshika. Gari lilikuwa likikimbia huku linajizuia lenyewe, tangu siku ya kwanza, na hakuna bomba la moshi duniani lingeweza kuliponya. Walilegeza breki, wakasafisha, wakajaza matairi upepo. Asubuhi ya Jumatano saa ikasema nane na ishirini na sita.

"Karibu sekunde ishirini chini ya siku ya kwanza, kwa spana na pampu tu," alisema Youssoufa kwa uchungu. "Na mimi nilikwenda kununua debe tupu linalovuma."

Jioni walikwenda kwenye ghala la rafia, nyuzi za kusukia, wakaazima mizani, wakapima kila kitu kilichofunguka. Stepni, yaani gurudumu la akiba, na sanduku la vifaa waliviacha pale pale ghalani. Zawadi za majirani zilikuwa kilo sabini na moja. Yaani walikuwa wakimbeba mtu mzima, mnene kidogo, kwenda na kurudi.

"Tuzitoe, Mjomba."

"Zawadi hazitolewi." Youssoufa alikunja uso. "Msaidié alifunga chuma chake mbele ya watu. Leo nikifungue nimwambie nini? Afadhali nishindwe."

"Afadhali ushindwe kuliko kusema kweli?"

Swali hilo lilikuwa la utovu wa adabu, na wote wawili walilijua. Youssoufa alimkazia macho. Ramlati alitazama chini, lakini hakulifuta. "Nitakwenda mimi," akasema. "Wa kwanza kudanganya nilikuwa mimi."

Mama Hadjira alimsikiliza huku akigeuza sambusa. "Chukua taa zangu uniletee nyumbani," alisema. "Marehemu mwenyewe hakupenda kutoka." Mohamadi alinuna kidogo kwa ajili ya mahameli, lakini akakubali. Tatizo lilikuwa mhunzi.

"Chuma changu kinawalemea?" Fundi Msaidié aliweka nyundo chini. "Nimefanya kazi usiku wa siku tatu. Mjomba wako ameona haya kuja mwenyewe, kanitumia mtoto?"

"Ndiyo, Fundi," alijibu Ramlati, maana alikuwa ameapa hatasema tena uongo, hata mdogo. "Ameona haya. Anakuheshimu, ndiyo maana anataka kushindwa pamoja na ngao yako."

Msaidié aliokota nyundo akaendelea kufua chuma. Ramlati alirudi nyumbani amekata tamaa kabisa.

Asubuhi ya Alhamisi, gari likiwa limekwisha kuvuliwa taa, honi na mto, mhunzi alikuja kwenye jiwe la mwisho wa mji amekunja mikono. "Nataka kuona kwa macho yangu," alisema. "Na saa nipeni mimi." Mara ya kwanza walikwenda na ngao, ikawa nane na kumi na tisa. Msaidié alitoa spana mfukoni mwake, akaifungua ngao mwenyewe bila kumtazama mtu, akaiegemeza kwenye jiwe. Mara ya pili ikawa nane na kumi na moja. Aliitazama saa muda mrefu kama mtu anayemtazama shahidi aliyemuangusha mahakamani.

"Youssoufa," alisema, "siku nyingine njoo mwenyewe. Mimi si Mfaransa, sitakuandikia barua."

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema Youssoufa, na akampa mkono.

Ijumaa baada ya sala walifanya mazoezi ya kugeuka. Youssoufa alikuwa akikanyaga breki kwa kuchelewa, gari likiserereka kwenye udongo mwekundu na kusimama kabisa. Alijifunza kupunguza mwendo mapema na kutoka mapema. Walijaribu mara sita. Ya mwisho ilikuwa dakika nane na sekunde nne.

Walibaki wawili, wamefunikwa vumbi. Hakuna kilichobaki cha kulegeza, wala cha kufungua. Youssoufa alizunguka gari mara mbili akitafuta, na Ramlati, aliyekuwa angali kwenye kiti chake, akaona kwamba kila alipofika upande ule mjomba alitazama pembeni.

Akaelewa. Tangu Juni alikuwa akiiota safari ya Jumamosi, yeye na mjomba, Bwana Fournel akiwatazama, Koulsoum naye akiwa kando ya njia. Hasira zilimpanda. Alitaka kusema kwamba yeye ni mwembamba, kwamba haleti tofauti. Lakini mizani ya ghalani aliiona kwa macho yake, na alijipima pia, kwa mchezo tu. Kilo thelathini na tatu.

"Nitashuka," alisema kwa sauti kavu.

"Sikukuambia."

"Najua hukuniambia."

Jumamosi Ramlati alisimama kando ya jiwe karibu na Bwana Fournel, aliyeshika saa. Kiti cha pili kilikuwa kimefunguliwa na kuachwa gerejini. Gari liliondoka, likawa vumbi, kisha likawa mlio tu, kisha hata mlio ukapotea. Ramlati alihesabu kimoyomoyo, akapotea, akaanza upya. Aliudhika kwamba jambo kubwa kama hili linapita mbele yake naye hana la kushika. Ndipo vumbi likaonekana tena mbali, likakua, gari likavuka jiwe.

Bwana Fournel alimwonyesha saa yeye kwanza, kabla ya dereva. Dakika saba, sekunde hamsini na saba.

"Soma," alisema kwa Kifaransa.

Ramlati aliisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na safari hii hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza mara mbili. Bwana Fournel aliandika katika daftari lake jina la dereva wa Agosti. Aliandika Youssoufa.

Baadaye walirudi mjini kwa miguu, maana gari lilibaki likikaguliwa. Youssoufa alikuwa na furaha lakini hakuimwaga yote.

"Sikiliza, Ramlati," alisema. "Fedha za yule bwana zilinunua vitu viwili, na vyote viwili vimelala gerejini. Kilichotupa sekunde ni kutazama gari lilivyo, wala si tunavyotaka liwe. Wewe ulinificha sekunde kwa kuogopa aibu. Mimi nilibeba ngao kwa kuogopa aibu hiyohiyo. Anayekwambia ukweli unaouma amekusaidia kuliko anayekuletea kitu kinachong'aa, na ukiwa wewe ndiwe wa kuusema, useme mapema, kabla watu hawajatoa fedha zao."

"Nimekuelewa, Mjomba."

"Umekasirika bado?"

Ramlati alifikiri. Alikuwa amekwisha kuzoea kujibu maswali kama yalivyo.

"Ndiyo," alisema. "Nilitaka kupanda."

"Najua," alisema Youssoufa, akamshika mkono, wakaendelea kutembea.