Hatua za Warigia

Jumamosi hiyo soko la mitumba la Nyeri lilikuwa limefurika. Wauzaji waliwapigia wateja kelele juu ya marundo ya sweta, na Warigia alikuwa mahali pake pa kila siku, kwenye kibanda cha kutengeneza zipu, sweta ya kijani mwilini, kitambaa chekundu kichwani, koleo mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane wa mwaka wa tisa, mwili mzito na ulimi mwepesi. Hakuwa akitafuta mume. Alikuwa akitafuta kichwa cha zipu kilichomponyoka kikaanguka chini.

Kiliokotwa na mwanamume mrefu, mwenye uso uliokaushwa na baridi na jua, begi la kulalia kwapani.

"Zipu ya hii kitu imenitesa, mama. Juzi imeniacha wazi kwa barafu."

"Ni ya kulala mtu mmoja ama wawili?"

"Mmoja."

"Si ndiyo hiyo shida! Baridi iliona nafasi ikaingia."

Mwanamume akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Aliitwa Ngatia, kiongozi wa wapanda mlima kutoka Naro Moru, mtu wa kukaribia sitini, na mkewe alikuwa amefariki zamani. Zipu moja ni kazi ya dakika kumi. Hiyo ilichukua saa nzima, na hakuna kati yao aliyeuliza kwa nini.

Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Mama Zipu, umekula?"

"Nimekula, Mzee wa Barafu. Na wewe?"

"Nimekula ugali na mawazo yako."

"Mawazo hayashibishi. Ongeza sukuma wiki."

Miezi mitatu ilipita hivyo. Kisha Ngatia akaja na pea ya buti za mlimani na maneno mazito. "Mke wangu kila mwaka alisema atapanda aone mahali nafanya kazi. Akaenda bila kuona. Safari hii mwanamke wangu siachi chini. Tutapanda Mlima Kenya mpaka kilele cha Lenana, mimi na wewe. Huko juu niko na swali nataka kukuuliza."

Swali gani tena, na mtu anakutazama hivyo? Warigia alilia kwa furaha. Ngatia akamwekea kwenye simu kile kitu cha kuhesabu hatua, akamwambia apande kilima cha Nyeri kila asubuhi, na jioni amtumie namba.

Alijaribu, jamani, tumpe haki yake. Siku nne alipanda. Ya tano goti likavimba kama kabichi na pumzi ikamkatikia njiani, akakaa kwenye nyasi zenye umande, akalia peke yake. Kichwani yale maneno ya Ngatia yalikuwa yamegeuka: asiyefika juu ataachwa chini. Na baada ya miaka tisa ya kula peke yake, hakuwa na nguvu ya kuachwa tena.

Asiyewahi kudanganya kwa sababu ya mapenzi anyooshe mkono tumwone. Mimi wangu uko chini.

Jirani yake kule Tetu alikoishi aliitwa Gicheru, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye mke na sauti nzito, aliyezunguka kwa miguu kila asubuhi akikusanya maziwa boma kwa boma, kupanda na kushuka.

"Ati nitembee na simu yako tu?" Gicheru aliuliza.

"Utembee nayo tu. Ikilia, usishike."

Namba zikapanda. Elfu kumi na nane. Elfu ishirini na moja! Ngatia alikuwa anapiga simu anapiga kelele kama mtoto: "Haki wewe mwanamke ni chuma!" Warigia alikuwa anacheka, na simu ikikatwa anapaka goti dawa.

Asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, Ngatia akapata mtandao juu ya jiwe fulani mlimani. Alitaka kumsikia mpenzi wake akihema kilimani, basi. Akapiga. Akapiga tena. Mara ya saba Gicheru, mkebe wa maziwa begani, katikati ya mteremko, akaona labda kuna mtu amekufa, akashika.

"Hallo?" Alikuwa anahema mpaka maneno hayatoki. "Warigia... hayuko hapa... bado amelala. Simu yake niko nayo mimi."

Simu ikakatwa.

Saa nne ujumbe ukaingia: *Sikujua uko na mtu. Ungeniambia tu. Kaa salama.*

Warigia alipiga mara thelathini. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Alipiga kwa simu ya jirani, Ngatia akasikia sauti yake, akakata. Wiki mbili hakula vizuri. Alitengeneza zipu kinyume, wateja wakarudisha. Mwishowe akaenda Naro Moru kwenye ofisi ya viongozi wa mlima, na pale akaambiwa habari iliyommaliza: Ngatia ameingia na wageni asubuhi hiyo. Leo wanalala kambi ya Met Station, kesho mapema wanaendelea juu. Wakishuka wanatokea upande wa Chogoria, na kutoka hapo anaenda kazi mpya mbali, Loitokitok, upande wa Kilimanjaro. Miezi sita, labda na zaidi.

Alitoka nje akampigia Gicheru. "Wewe ndiye uliniharibia. Njoo."

"Nakuja, mama. Hata usiku sijalala vizuri tangu ile siku."

Saa sita walikuwa kwenye geti la mlima, wamefika kwa pikipiki. Kupita nayo hawakuruhusiwa, na askari akatazama goti la Warigia, kisha buti zake zilizong'aa.

"Mama, hiyo ni kilomita kumi, kupanda tupu. Unaenda kutafuta nini?"

"Mume."

Askari akakuna kichwa, akawaandika.

Saa ya kwanza alitembea kwa hasira. Ya pili kwa aibu. Kwenye mianzi mvua ikaanza, na buti ambazo hazikuwahi kuvaliwa hata mara sita zikaanza kumla visigino. Gicheru alikuwa mbele, anarudi, anaenda mbele tena.

"Leta simu nikubebee, angalau upunguze uzito."

"Simu hii leo inabebwa na mwenyewe!"

Saa ya tatu akakaa chini kwenye matope katikati ya barabara. Goti lilikuwa linapiga kama moyo wa pili. Akafunika uso. Kurudi hangeweza, kwenda hangeweza, na huko juu mtu aliyempenda alikuwa anapanga mizigo ya kuondoka maishani mwake kwa kosa ambalo hata halikuwa lile alilolifikiria.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, bila kujali Gicheru anasikia, "sikuombi Lenana. Naomba hii kona tu. Nipe hii kona, sitakusumbua na ingine."

Alipewa. Akaomba iliyofuata. Na iliyofuata. Alimdanganya Mungu kona zote mpaka juu.

Jua lilikuwa linainama alipoona mabanda ya mbao. Ngatia alikuwa anawamiminia wageni chai, jaketi la bluu, kofia ya sufu. Akainua macho, akamwona mwanamke wa matope, na birika likabaki hewani.

"Habari ya jioni, mzee," Gicheru akasema.

Ngatia akaijua ile sauti. Uso ukafunga. "Umemleta mpaka hapa, Warigia? Umekuja kunionyesha?"

"Ni jirani! Anabeba maziwa! Nilimpa simu atembee nayo, anipatie hatua. Zile namba zote ni za Gicheru. Mimi nilipanda siku nne tu, Ngatia. Siku nne!"

Ngatia alimkalisha kwenye gogo, akapiga magoti, akafungua buti moja. Soksi ilitoka na damu. Akaigeuza buti, akatazama chini yake kwa muda mrefu, kama viongozi wa mlima wanavyotazama.

"Hii haijatembea," alisema polepole. "Inatembea leo." Akaiweka chini. "Ingekuwa ni mwanaume mwingine ningejua la kufanya, ningekasirika yaishe. Lakini hizo namba nilikuwa nawasomea wabeba mizigo kila jioni. Walikuwa wanakupigia makofi."

Hilo lilimuuma Warigia kuliko kisigino. "Niliogopa utaniacha chini."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Wewe! Ulisema mwanamke wako huachi chini."

Ngatia akakaa kwenye matope. "Nilimaanisha nitakungoja," alisema. "Hata mwaka. Hata miaka miwili. Mke wangu marehemu sikumngoja. Kila mara nilimwambia niko na wageni."

Warigia akatoa simu, akampa. Elfu kumi na saba, mia sita na kumi na mbili.

"Za nani?"

"Zangu."

Ngatia akamtazama Gicheru. Gicheru akainua mikono yote miwili. "Mimi leo sijagusa simu ya mtu!"

Ngatia aliingia bandani akarudi na lile begi la kulalia. "Kuna mfuko mdogo kwa ndani. Fungua zipu."

Warigia akavuta. Zipu ikakwama. Fundi wa miaka ishirini, na zipu imemshinda! Akavuta tena, machozi yakidondoka juu yake, ikafunguka, na pete nyembamba ikaangukia kiganjani.

"Hii ilikuwa ya Lenana," Ngatia akasema.

"Sitafika Lenana. Hata siku moja. Nakuambia ukweli sasa, usije ukanilaumu."

"Najua. Nimeona hilo goti." Akachukua pete, akaipangusa matope kwa jaketi lake. "Leta mkono."