Maliza Mstari Kwanza

Dumu la maji lilikuwa limejaa hadi shingoni walipotoka Mlabani. Egidius mwenyewe ndiye aliyelijaza bombani, akakaza kifuniko kwa kipande cha nailoni, akalilaza nyuma ya toyo yake, ile pikipiki ya magurudumu matatu anayobebea mpunga wa watu. Walipofika mbugani, mbele ya kijiji cha Mofu, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akashangaa. Lilikuwa jepesi. Akalipapasa chini kutafuta tundu. Pakavu kabisa. Mama yake akamwambia ni jua tu na barabara mbaya, asianze kutia watu hofu kabla hawajashuka.

Basi sikilizeni, wajukuu zangu, na mlioshika vikombe viwekeni chini mpaka nimalize. Habari hii alinipa Dativa, mke wa huyo Egidius, siku tulipokuwa tunapepeta mchele pamoja, naye Dativa si mtu wa kuongeza chumvi.

Walikuwa wamekwenda kufagia kikanisa cha zamani. Nyie hamjakiona. Kimesimama peke yake katikati ya nyasi, masika maji yanakizunguka hakifikiki, kiangazi ndiyo watu wanakwenda, hata wageni wa kupiga picha. Padre wa kwanza alitaka kifanane na vile vya kwao vya kale kabisa, kuta nene, madirisha membamba yaliyochongoka juu kama mkuki. Padre alichora, lakini matofali waliyafyatua wanawake wa hapa hapa, na msimamizi wao alikuwa katekista Hermenegildi. Jina lake lipo kwenye jiwe la mlangoni mpaka leo.

Hermenegildi ndiye babu yake Bibiana, na Bibiana ndiye mama yake Egidius. Mama wa kwaya, mtu safi, mkali kidogo. Kwa jiwe lile alitembea kifua mbele. Na babu yule aliiachia familia neno moja, wakalishika kama sala. Mko shambani mnapalilia mpunga, jua limewaka, mtoto anasema ana kiu. Anajibiwa, "Maliza mstari kwanza." Bibiana alilelewa kwa neno hilo, akamlea Egidius kwa hilo, na Dativa alipoolewa akalikuta linamngoja.

Mlangoni mwa kikanisa walimkuta Dorika, mama mtu mzima anayekitunza, amekaa na ungo wake wa samaki, perege wa kukausha. Dativa akamwamkia shikamoo, akaitikiwa vizuri, mtoto Bryson akashikwa shavu mgongoni mwa mama yake. Kisha Dorika akawaomba jambo wanaloombwa wote wanaofika pale: kabla hamjanywa, mwageni tone kizingitini, naye yule aliye chini anywe.

Bibiana alikataa. Alisema hilo ni tambiko, na babu yake alijenga nyumba hii ili mambo hayo yaishe.

Dorika akacheka. "Babu yako, dada, hata walio hai hakupenda wanywe."

Bibiana alichota kikombe kizima, akasimama juu ya kizingiti kile kile, akanywa mpaka mwisho akimtazama Dorika machoni. Ndipo wakaingia ndani.

Walifagia katikati ya mabenchi, mstari kwa mstari. Joto la humo ndani lilikuwa zito, na Dativa ananyonyesha, mnajua kiu ya mama anayenyonyesha inavyokuwa. Akaomba maji. Bibiana hata hakugeuka.

"Maliza mstari kwanza."

Nyuma ya altare, nje ya ukuta, ikasikika, pwa. Kama udongo mbichi unaobamizwa kwenye kalibu ya kufyatulia matofali. Kimya. Tena, pwa. Egidius akazunguka kuangalia. Aliona nyasi kavu na shimo la zamani la udongo, limepasuka pasuka kwa ukame, hakuna mtu wala nyayo. Aliporudi, Dorika alikuwa amesimama mlangoni, uso umebadilika.

"Umelisema humu ndani," alimwambia Bibiana kwa sauti ya chini. "Mashambani mlilisema, sawa. Humu halikuwahi kurudiwa."

Walirudi Mlabani.

Kesho yake jiko la Bibiana lilinuka tanuri. Ule moshi wa matofali yanayochomwa, mzito, unakaa kooni. Mkaa ulikuwa haujawashwa. Saa ya mchana, watu wote wamejificha jua, ikasikika nyuma ya nyumba, pwa. Dativa akatoka. Pembeni ya ua lilikaa tofali moja bichi, linang'aa kwa maji, na juu yake kiganja cha mwanamke kimebonyea, kidogo, vidole vyembamba. Egidius akasema ni watoto wa jirani. Asubuhi iliyofuata tofali lilikuwa na mwenzake. Kisha yakawa mstari, umenyooka kama umepimwa kwa kamba, unatoka kwenye ua unakuja mlangoni.

Maji nayo yakaanza kuondoka. Ndoo imejazwa, imefunikwa kwa sinia, ukifunua unakuta chini pana vumbi jekundu. Chai inakaukia kikombeni mtu anapokipandisha mdomoni. Majirani wanachota bomba lile lile, wanafua, wanaoga, wanamwaga, ila ndani ya nyumba ile watu walikuwa wanalamba midomo.

Na Dativa, kila alipoinua kikombe, alisikia pumzi ya moto nyuma ya sikio, halafu sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu asiye na mate kinywani, inamwambia polepole, maliza mstari kwanza. Hakumwambia mtu. Aliogopa kuambiwa anamsengenya mama mkwe.

Kisha maziwa yakakatika. Bryson alinyonya, akavuta, akavuta, akaachia akalia, na kilio chake hakikuwa na machozi. Walimkimbiza hospitali, wakapokelewa vizuri, mtoto akatundikiwa maji akachangamka, hata kifua cha mama yake kikajaa tena, manesi wakafurahi. Lakini waliporudi, Dativa alivuka tu ule mstari wa matofali pale mlangoni, akahisi kifua kinakauka kama kitambaa kinachokamuliwa, na kabla hajamfungua mtoto mgongoni akasikia harufu ya tanuri inatoka kwenye kichwa cha mtoto mwenyewe, pale utosini, na alipomgeuza amtazame akakuta midomo imeanza kupasuka vipande vipande kama lile shimo la mbugani, na macho ya mtoto yametulia, hayamtazami yeye, yanatazama nyuma ya bega lake, yanafuata kitu kinachotembea taratibu kutoka mlangoni kwenda chumba cha Bibiana.

Akageuka na mtoto wake akatoka nje. Huko uani ndipo alipomwambia mumewe maneno ambayo hajawahi kumwambia. "Egidius, mwite yule mama wa kikanisa cha Mofu. La sivyo mimi napanda treni naenda kwetu Mlimba, na kama huyu atafia njiani, mama yako atakuja kumzika peke yake."

Egidius alisitasita, si mnajua alivyolelewa. Jibu lilitoka chumbani kwa Bibiana. Walimsikia anasali rozari, sauti imekauka, na katikati ya Salamu Maria sauti ya pili ikadandia, inasali naye neno kwa neno, halafu ikaacha sala ikasema lile neno la babu, taratibu, kama mtu anayelionja. Bibiana akatoka, rozari imejaa tope.

"Mwite," akasema. "Hata mimi namwogopa huyu aliye chumbani."

Dorika alikuja na hakuingia ndani. Alichuchumaa pale kwenye mstari wa matofali, akapima kiganja chake juu ya kile kiganja. Vikalingana. Ndipo akawaeleza.

Bibi yake yeye Dorika alikuwa na dada. Msichana, ana mtoto mchanga, amewekwa kwenye kufyatua. Alikuwa anajifunza dini, jina la ubatizo ameshachaguliwa, Verediana, na maji ya ubatizo angemwagiwa siku ya kufungua kikanisa. Siku moja ya jua kali, kabla ya hapo, aliomba maji ya kunywa. Mtungi upo, mto unaonekana pale, mtoto analia kivulini. Hermenegildi akamwambia amalize mstari kwanza. Akaendelea. Akaomba tena, akajibiwa vile vile. Mstari haukuisha. Alianguka kifudifudi kwenye udongo wake, na mtoto wake hakupata wa kumnyonyesha. Kwa kuwa hakuwa amebatizwa waliwazika chini ya kizingiti upande wa nje, wote wawili, bila jina.

"Maji ya kunywa alinyimwa, na yale mengine hayakumfikia," alisema Dorika. "Sisi tunamwagia tone, anatulia. Nyinyi hamjawahi."

Bibiana akauliza anataka nini.

"Mstari wake umalizwe. Kwa mkono wa nyumba ya Hermenegildi, na mkono huo usinywe."

Egidius akasema ataufanya yeye. Dorika akatikisa kichwa. "Wewe hukulisema."

Wakaenda kikanisani siku ile ile, Bryson amelegea mgongoni kama nguo. Bibiana aliingia shimoni na kalibu ya mbao, na udongo, ambao ulikuwa mkavu mbele ya macho yao wote, ukalainika pale alipokanyaga. Akafyatua. Pwa. Akafyatua jingine. Jua lilisimama juu ya kikanisa na kivuli cha ukuta kikakimbilia kwenye msingi. Egidius alitaka kuingia, Dorika akamshika mkono. Bibiana alikuwa analia na machozi hayatoki, anahesabu chini chini, anasema bado hili moja, bado hili moja, na kila alipoweka la mwisho akainuka kunyoosha mgongo, wote wakasikia, pwa, na mbele ya tofali lake lilikuwa limekaa jingine, bichi, lenye kile kiganja chembamba, na nafasi tupu baada yake, mstari umerefuka, ukawa unarefuka hivyo hivyo kuelekea mtoni bila kuufikia, na yule mama aliyezoea kuimba sauti ya kwanza kanisani alikuwa sasa anatambaa kwa magoti, ngozi ya mikono imechunika, ulimi umetoka, mpaka akaanguka kifudifudi na kwa sauti ya kitoto, sauti ya zamani kabisa ya msichana aliye shambani kwa babu yake, akaomba maji.

Jibu lilitoka ukutani, kwenye matofali yote kwa pamoja, na Dativa aliniapia kwamba hata Dorika alifumba macho.

"Maliza mstari kwanza."

Dativa alikuwa ameshika kikombe. Maji ya mwisho ya dumu, yamebaki humo kwa sababu Dorika alikuwa ameyafunika kwa khanga yake mwenyewe. Kushoto kwake mama mkwe anakata roho kwenye udongo. Mgongoni mwanawe hapumui vizuri. Na koo lake mwenyewe linaungua. Akatembea mpaka kizingitini, akapiga magoti.

"Verediana," akasema. "Dada yangu. Kunywa wewe kwanza."

Akayamwaga yote.

Ardhi ilimeza. Walisikia mmezo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayenywa kwa pupa huku akishika kikombe kwa mikono miwili. Kisha pumzi ndefu. Halafu Dativa akahisi gauni limelowa kifuani, akamshusha Bryson kwa haraka, na mtoto akashika, akavuta, na safari hii akameza. Alilia huku ananyonya, na machozi yalikuwepo.

Egidius akamkimbilia mama yake. Dorika akamfuata, akamwambia taratibu, "Mtoto, Verediana amewaachia. Mama yako, hajasema kama amemwachia."

Bibiana hakufa. Walimbeba kwenye toyo, akapona, ngozi ya mikono ikarudi. Padre alikuja akabariki nyumba, na sasa jina la Verediana limeandikwa kizingitini, Egidius ndiye aliyelipa fundi. Maji yanakaa ndooni. Harufu ya tanuri ilitoka. Lile neno hakuna mtu wa nyumba ile anayelitamka, si shambani, si kwa mzaha, na Bryson amekua bila kulisikia hata mara moja.

Ila Bibiana, kila asubuhi, kabla ya kunywa chochote, anakwenda nyuma ya nyumba kufyatua tofali moja. Hakuna aliyemwagiza. Anasema akifanya hivyo koo linafunguka.

Msimu wa palizi uliopita Dativa alikuwa anaanika nguo. Bryson anachezea tope karibu na bomba, ameipa mgongo baraza ya nyumba, mtoto ambaye bado anakosea kutaja jina lake mwenyewe. Bibiana amefyatua la siku hiyo, amenawa, ameketi barazani, ameinua kikombe. Mtoto akabamiza tope lake chini. Pwa. Na bila kugeuka, kwa sauti yake ndogo, maneno yamenyooka yote, akasema, "Maliza mstari kwanza."

Bibiana akaweka kikombe chini. Akaichukua kalibu.

Haya, shikeni vikombe vyenu sasa. Lakini tone la kwanza mkalimwage pale mlangoni.