Chupa ya Gizani

Mwosha vyombo wa maabara alikuwa amelala chini ya ngazi, shingo imepinda, ngumi imefumbwa kama ya mtoto aliyeficha peremende. Mpiga picha alipomaliza, Inspekta alipiga goti, akamfumba marehemu macho na kumwombea kwa Mungu maneno mawili. Kisha akaifumbua ngumi.

Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya alumini. Kilikuwa kimeandikwa kwa wino mzito: GIZA 3.

"Ameteleza," profesa alisema kutoka juu ya ngazi, akitazama saa. "Hawa watu hawaangalii wanapokanyaga. Na wageni wangu wanafika saa nne."

"Ulimwona asubuhi?"

"Mimi nina kazi za maana. Humu maabarani hakuingia."

Inspekta alipanda. Juu ya meza, taa za kawaida zilimulika chupa za maji machafu yaliyotiwa unga wa manjano. Profesa alieleza kwa sauti ya kufundishia chekechea: unga huo ukipata mwanga, hata wa dirishani, huua bakteria. Kesho ungetiwa kwenye matangi ya wodi ya watoto.

"Na hizi zilizofunikwa karatasi?"

"Za kulinganishia. Zina unga, hazina mwanga. Humo bakteria lazima wabaki hai. Unanifuata, mama?"

"Nachechemea, lakini nafika."

Chupa ya tatu ilikuwa wazi, karatasi yake imechanwa. Inspekta aliinusa. Klorini. Kisahani chake cha kuoteshea bakteria hakikuwa na hata doa.

"Profesa, hawa wamekufa gizani. Giza nalo linaua?"

Profesa alitazama saa tena.

"Na karatasi ya chupa hii imefikaje kwenye ngumi ya mtu ambaye hakuingia humu?"

Sajini alitokea mlangoni. "Afande, nimeokota kifungo ngazini. Koti la huyu mzee limepungukiwa kimoja."

Profesa alijishika kifuani, akapapasa uzi mtupu.

"Miaka sita!" alifoka. "Unga umenigomea miaka sita! Nikatia klorini kwenye chupa zote, kwa pupa, hata za gizani. Madaktari walipita hapa, hawakuona. Akaona yeye! Eti, 'Baba, klorini naijua, ndiyo naoshea vyombo vyako. Sasa hao watoto watakunywa nini?' Mwosha vyombo! Anisahihishe mimi?"

"Ukamsukuma."

"Alikuwa anashuka kuwasubiri wageni awaambie."

"Basi yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu humu," Inspekta alisema. "Wewe ulikuwa koti tu. Nalo halina kifungo."

Pingu zililia. Nje, milango ya magari ya wageni ilianza kufungwa.

"Tafadhali," profesa alinong'ona, "nipitisheni mlango wa nyuma."

Inspekta alimtazama kama mtu anavyotazama tope kwenye kiatu.

"Sajini, mlango wa mbele. Kuna jua zuri huko. Tuone kama litamsafisha."