Mkato Ndani ya Gongo Jeusi

Gongo lilivunjika Jumamosi asubuhi, katika uwanja wa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Kibiti, mbele ya wachaguzi wawili waliotoka Dar es Salaam kutafuta vijana wa timu ya taifa ya besiboli. Aliyelishika alikuwa Abdulrazaq, kijana wa kidato cha tano mwenye mabega ya mbeba magunia. Mpira ulipomfikia aliuchapa kwa nguvu zake zote. Mikononi mwake kikabaki kipande cha mpini, na kichwa cha gongo kikaruka kikizunguka hewani hadi kikampata Ismaily, mrushaji wa timu, chini ya jicho la kushoto.

Ismaily alikimbizwa hospitali kwa gari la wachaguzi. Mmoja wao aliyebaki uwanjani aliokota vile vipande viwili, akavitazama, akamwita Mwalimu Haidari, kocha wa timu. Upande mmoja mti ulikuwa umechanika nyuzinyuzi, kama mti wowote unavyovunjika. Upande wa pili ulikuwa laini na umenyooka.

"Hapa pamepita msumeno," alisema yule mchaguzi. "Piga simu polisi."

Askari aliyepokea simu alisikia kwamba mwanafunzi ameumizwa na gongo, akadhani ni habari ya pombe haramu. Kwa hiyo Sajenti Semeni Mshamu alifika shuleni akitarajia mtungi na walevi, akakuta vijana waliokaa kimya chini ya goli la mpira wa miguu, na mwalimu anayelia bila kujificha.

Semeni alikuwa mpelelezi wa miaka mingi, mwanamke wa maneno machache, mzaliwa wa milima ya Umatumbi. Besiboli hakuwahi kuiona hata siku moja. Akamwomba Mwalimu Haidari amweleze kila kitu kama anavyomweleza mtoto wa darasa la kwanza.

Kwa miaka mitatu, Haidari alieleza, timu yake ilitumia magongo ya mninga yaliyochongwa na Mrisho, fundi seremala wa hapo mjini. Yalikuwa mazito, yote ya kipimo kimoja. Wiki hiyo klabu moja ya ng'ambo iliwapa zawadi ya magongo mapya sita, kila moja na umbo lake. Vijana walishukuru mpaka wengine wakasujudu palepale uwanjani. Ndipo ikaja kazi ya kuchagua.

"Gongo si la kupendwa kwa macho, Afande," alisema. "Mwenye nguvu apewe refu, lenye uzito kichwani, maana ana ubavu wa kulizungusha. Mwenye mwili mdogo na mikono miepesi apewe fupi, uzito ukae karibu na viganja, apate kuuwahi mpira. Namwambia kila mmoja anyooshe mkono pembeni akiwa amelishika. Ncha ikianza kushuka, hilo si lake."

Semeni alishika kipande cha mpini. Kilikuwa cheusi, na tepu ya kushikia ilikuwa bado imekizunguka. Akauliza nani aliyeifunga.

"Mimi, zote sita. Huwa naanzia chini, napanda juu." Haidari akainama kutazama. Hii ilikuwa imeanzia juu ikashuka chini. Akasema kwamba hakuifunga yeye.

Semeni akaibandua. Chini yake, kwenye ukingo wa ule upande laini, ilionekana kwamba msumeno mwembamba ulikata karibu hadi katikati ya mti, na mkato ukazibwa kwa kitu cheupe kilicholoa mafuta, ambacho bado kiliganda pale. Akakichokoa kwa pini. Ilikuwa pamba. Akainusa, akasikia harufu ya samaki.

"Magongo yalilala wapi jana?"

"Nyumbani kwangu, sebuleni. Hiyo harufu labda ni ya kamba. Mgeni wangu aliniletea kamba wabichi kutoka delta, nyumba nzima inanuka." Mgeni huyo, aliongeza, alikuwa Mzee Abdalah wa Mbuchi, baba mdogo wake Saidy, mmoja wa wapigaji. Alikuja Alhamisi kumwona kijana wake, akaondoka Jumamosi alfajiri.

Nani basi angetaka gongo hilo livunjike? Haidari hakutaka kumtaja mtu, lakini vijana walimtaja. Magongo mapya yalipofika, Mrisho alikuwa amesema mbele ya watu kwamba yeye sasa ametupwa kama maganda ya muwa.

Semeni alimkuta Mrisho kwenye karakana yake karibu na barabara kuu, akipiga randa mbao za mlango. Hakukana kwamba alikuwa na hasira.

"Nilikasirika siku moja," alisema. "Jana jioni Mwalimu akanifuata. Lile gongo dogo lilikuwa linamkwaruza Saidy kiganja, akaniomba nilipige msasa. Nikaenda uwanjani nikalipiga palepale. Yule mtoto akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Hasira gani tena, Afande?"

"Ulipokuwa uwanjani, gongo jeusi alikuwa nalo nani?"

"Abdulrazaq. Saidy alikuwa na lile la rangi ya asali. Ndilo nililopiga msasa."

Baada ya hapo, alisema Mrisho, alikwenda Utete, ambako mkewe alikuwa amelazwa, akalala hukohuko wodini akimuuguza. Semeni alipiga simu hospitali, muuguzi wa zamu akathibitisha. Kabla ya kuondoka alitazama misumeno ya Mrisho. Yote ilikuwa ya kupasua mbao nene, na mahali pa kuziba nyufa alitumia gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Pamba hakuwa nayo.

Aliporudi shuleni, kijana mmoja alimwambia jambo lililomkosesha raha. Ijumaa asubuhi, magongo yalipojaribiwa kwa mara ya kwanza, aliyechagua lile jeusi alikuwa Saidy. Alilikumbatia kama mtoto mchanga, akatangaza kwamba hilo ndilo atakalokwenda nalo Dar. Jioni ya siku hiyohiyo Mwalimu akamnyang'anya, akampa Abdulrazaq.

Semeni akamwita Saidy ofisini, Mwalimu akiwa amekaa pembeni. Alikuwa kijana mfupi, mwembamba, mwenye damu ya Ismaily bado kwenye fulana. Ndiye aliyemwinua mwenzake na kumbeba mpaka kwenye gari.

"Ulilia ulipochukuliwa gongo lako?"

"Nililia kidogo," alisema Saidy. "Asubuhi nilikuwa nakosa kila mpira, lakini sikutaka kusema. Lilikuwa zuri mno. Jioni Mwalimu akanipa lile fupi. Mpira wa kwanza nikaupeleka mpaka kwenye mikorosho. Sijawahi kuufikisha kule tangu nizaliwe. Nilimshukuru Mwalimu, muulize."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Baba yako mdogo alisemaje?"

"Hakuniona jioni. Asubuhi ndiyo alikuwepo, aliniona na jeusi. Kisha akaenda kuswali Ijumaa, akapitia sokoni kununua misumari, mimi nikarudi bwenini. Tuliagana mchana."

Tangu asubuhi kila mtu alikuwa akiuliza nani ana ugomvi na Abdulrazaq, kwa sababu gongo lilivunjikia mikononi mwake. Lakini mtu aliyekuwepo uwanjani asubuhi tu, akaondoka kabla ya jioni, angejua kwamba gongo jeusi ni la Saidy. Semeni akamuuliza kijana, kwa sauti ya kawaida, misumari ile ilikuwa ya nini.

"Ya mashua," alijibu Saidy. "Baba mdogo ni fundi wa mashua." Na alipomaliza kusema hivyo alimtazama Semeni, akaitazama meza, mahali palipokuwa na pamba ile juu ya karatasi. Alikulia kwenye vibanda vya mafundi. Alijua vizuri kwamba nyufa za mashua huzibwa kwa pamba iliyoloweshwa mafuta ya papa.

"Simwamini mtu yeyote atakayesema ni yeye," alisema taratibu. "Amenilea."

Semeni alimuuliza Haidari swali moja tu: Ijumaa usiku alimwacha mgeni peke yake? Haidari akasema ndiyo, alipokwenda msikitini kuswali Isha. Mgeni alisema amechoka, angeswali ndani.

Barabara ya Mbuchi ilikuwa kavu, na pikipiki ya polisi ikafika mchana. Mzee Abdalah alikuwa amekaa juu ya gogo kando ya mashua isiyokamilika, zana zake zimetandazwa chini bila kuguswa. Kati ya zana hizo kulikuwa na msumeno mdogo wa meno membamba. Semeni alimwamkia kwa heshima, naye akaitikia, kisha akauliza upesi kabla hajaulizwa yeye.

"Saidy mzima?"

"Kwa nini asiwe mzima, mzee?"

"Nimesikia kwa watu kwamba kuna mwanafunzi ameumia. Gongo limevunjika."

"Magongo yalikuwa sita. Umejuaje ni la Saidy?"

"Si limevunjika lile jeusi," alisema Abdalah, "na jeusi si ndilo lake?"

"Nani alikwambia ni jeusi?"

Semeni akakaa kwenye gogo kando ya mzee, akamweleza polepole kwamba Ijumaa jioni magongo yalibadilishwa, kwamba jeusi lilikuwa kwa Abdulrazaq, na kwamba lilimpiga Ismaily usoni. Abdalah akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Jicho lipo?" aliuliza.

"Lipo. Daktari anasema limeponea chupuchupu."

"Alhamdulillahi," alisema, akarudia, akarudia tena, mpaka sauti ikamwishia. Kisha akasimama mwenyewe akaomba apelekwe kwa huyo mtoto.

Jioni ile walikusanyika barazani kwa Mwanahalima, mama yake Ismaily. Ismaily alikuwa amerudishwa nyumbani, nusu ya uso imefungwa bandeji. Mwalimu Haidari alikuwepo, na Abdulrazaq, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia chakula kinywani kwa kudhani nguvu zake ndizo zilizomwumiza rafiki yake. Saidy alisimama mlangoni. Semeni aliwaeleza yote aliyoyapata: tepu iliyofungwa kinyume, mkato mwembamba, pamba yenye mafuta ya papa, na mtu mmoja tu aliyeona uchaguzi wa asubuhi na asiuone wa jioni. Kisha akamgeukia Abdalah.

"Sema mwenyewe, mzee. Kwa nini?"

Abdalah alizungumza akitazama mkeka. Ndugu yake, baba yake Saidy, alizamia meli Saidy akiwa bado ananyonya. Walimsubiri, wakaulizia bandarini, wakasoma dua. Mpaka leo hawajui kama yu hai. Sasa Ijumaa asubuhi alimsikia mwalimu akisema kwamba watakaochaguliwa watapelekwa ng'ambo kucheza, na wengine huko hupata shule wakabaki. Alimtazama kijana wake akicheka na gongo lile mkononi, akaona sura ya ndugu yake.

"Nilitaka limharibikie mbele ya wale wageni, wamwache," alisema. "Saidy hapigi kwa nguvu. Nilijua litapasuka tu, libaki linaning'inia kwenye tepu, aone haya, arudi nyumbani. Sikujua limekabidhiwa mtu mwenye mikono ile. Sikuwaza kama kuna mtoto wa mwenzangu amesimama mbele."

Abdulrazaq alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Wote walimtazama Mwanahalima. Mkono wake ulikuwa umeshika mguu wa mwanawe.

"Mzee Abdalah, umenitia hofu ambayo sijawahi kuiona," alisema. "Nimeendeshwa mpaka hospitali nikijua mwanangu ni kipofu. Daktari alipofungua lile jicho na mwanangu akasema ananiona, niliapa leo sitamlaani mtu. Yaliyo ya serikali serikali iyafanye. Mimi nashukuru kwa nilichobakiziwa."

Saidy alitoka mlangoni, akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake mdogo.

"Ba'mdogo, kila nilicho nacho umenipa wewe. Chakula, shule, hata jina la baba wewe ndiye uliyenifundisha kulitamka. Nakushukuru, na leo umeniumiza. Baba aliondoka kwa kujificha. Mimi nilitaka kuondoka ukinisindikiza."

Semeni alimwacha Abdalah alie, kisha akaondoka naye kwenda kituoni.

Kesi ilikwenda mahakamani. Abdalah alikiri kosa, na hakimu, baada ya kumsikiliza Mwanahalima, akampa kifungo cha nje: kwa miezi kadhaa awe anakuja Kibiti kufanya usafi katika hospitali ileile iliyomtibu Ismaily. Alikuja bila kukosa. Wauguzi walimzoea, wakawa wanamwekea chai. Ismaily alipona akabakiwa na kovu, akarudi kurusha mpira, na Abdulrazaq akapewa gongo jingine refu, ambalo kwa wiki nzima alilikagua kila asubuhi kabla ya kulishika.

Wale wachaguzi walirudi. Walimwona Saidy na gongo lake fupi, wakamchukua. Kambi ilikuwa Dar, kisha mashindano ng'ambo. Siku ya kuondoka Abdalah alimsindikiza hadi stendi, akambebea begi, na basi lilipotoka alibaki amesimama mpaka mpiga debe akamuuliza anasubiri gari gani.

Sajenti Semeni alisimuliwa mwisho wa habari hii na Mwalimu Haidari. Mashindano yalipokwisha, Saidy alishuka Kibiti, hakupita shuleni wala sokoni, akapanda bodaboda moja kwa moja hadi Mbuchi. Alimkuta mzee akigonga misumari kwenye ubavu wa mashua mpya. Akamwamkia kwa nyuma. Abdalah aligeuka, akaiweka nyundo chini, akamfuta kijana vumbi usoni kwa kiganja chake kilichojaa mafuta, kwanza shavu moja, halafu la pili, kama anayehakikisha kwamba ni yeye kweli.

"Ahsante kwa kurudi," alimwambia.

Kisha akampisha nafasi kwenye gogo, wakakaa.