Remorke Isiyojaa

Jioni ile Adèle alishika koleo kumalizia kazi ya mchana: kutoa vifusi vya nyumba ya udongo waliyoivunja, yeye na mumewe Hubert, ili wajenge ya matofali. Hubert alikuwa tanurini kufuata matofali hayo. Uani ilisimama remorke, tela la magurudumu mawili.

Kuichagua kulileta maneno. Hubert alitaka kamyo, lori zima, lakini kamyo haipiti vichochoro vya mtaa wao wa Mudzipela bila kung'oa ua wa mtu. Pusupusu ya kusukuma kwa mikono ingebeba kidogo kidogo mpaka mvua igeuze vifusi matope. Ndipo Pétronille, dada mkubwa wa Adèle, aliposema anamjua mzee mmoja kule Nizi, ambako mumewe alikuwa akichimba dhahabu tangu uchimbaji ulipofunguliwa kwa kila mtu. Mzee huacha remorke uani, mnajaza wenyewe, jioni anaifuata. Hubert akatania kwamba shemeji amewatafutia jeneza la nyumba. Wakacheka wote.

Walijaza tangu asubuhi.

Haikujaa.

Adèle alirusha jiwe ndani, akasikiliza. Kimya... Ila harufu ilipanda, harufu ya shimo bichi, ya udongo usiowahi kuona jua.

"Mama, chini yake iko mbali sana," alinong'ona binti yake Monique, mlangoni mwa jiko.

Mzee alikuwa amekwisha kuingia. Hawakusikia lango. Alisalimu kwa adabu, hakutazama vifusi. Alivipita, akafika pembe ya kile kilichokuwa chumba cha kulala, akapiga magoti, akachimba kwa vidole.

Pale pale.

Pale kilizikwa kitovu cha Monique. Siku ile walikuwa wawili tu chumbani: Adèle kitandani, na Pétronille mwenye jembe. Hata Hubert hakuonyeshwa.

"Muzee... nani alikuonyesha?"

"Ule mwenye alizika, mama."

Akatupa konzi moja ya udongo ndani ya remorke.

Hiyo ikasikika. Kishindo kizito, kama mtoto ameanguka.

Jikoni kikombe kikamponyoka Monique, kikavunjika.

Mzee akaivuta remorke kwa mkono mmoja, nyepesi kama kapu tupu, magurudumu bila mlio.

Nyumba ya matofali ilisimama. Monique anakula, anakwenda shule. Lakini ukimwita, jibu huchelewa, na huja kutoka chini. Kule Nizi, shimo la mume wa Pétronille limeanza kutoa dhahabu.

Pétronille alikuja kutazama nyumba, kitenge kipya mwilini. Adèle alikuwa amepanga maneno yake kwa miezi. Kabla hajayatoa, mkono wa dada ulikuwa tayari juu ya tumbo lake, juu ya mimba ya pili, ukipapasa taratibu.

"Na kwa huyu utaniita, mudogo wangu. Nani mwengine anajua kukuzalisha kama miye?"

Monique alikuwa ameketi mbele yao, midomo imefungwa. Sauti yake ilitoka chini ya sementi.

"Mama... bado haijajaa."